Chambo cha Mbao chenye Kiungo: Jitengenezee, Ukavulie Sangara

Chambo bandia cha dukani cha kuvulia sangara hutoka mbali, huuzwa ghali, na mara nyingi huishia kwenye jiwe chini ya ziwa siku ile ile ya kwanza. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kujitengenezea. Sababu nyingine ni kwamba unachokichonga mwenyewe unaweza kukifananisha na furu au sato wa eneo lako, ukaamua kama kitaelea au kitazama, kitacheza polepole au kwa fujo.

Mwongozo huu unahusu chambo kimoja tu: samaki wa mbao wa sentimita 18, mwenye vipande viwili na kiungo katikati, na mdomo wa plastiki wa kumpeleka chini. Ni cha kuvutwa nyuma ya mtumbwi au kurushwa kwa fimbo kutoka kwenye miamba. Vipimo ni vya Ziwa Victoria. Wa pwani atabadilisha mambo machache, nayo yako mbele.

Niseme mapema kwamba hiki si mbadala wa migonzo, ile mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Anayeishi kwa migonzo aendelee na kambale wake wadogo. Chambo hiki kinamfaa anayevua kwa mshipi mmoja: kijana mwenye fimbo, mwongoza wageni wa visiwa vya Rubondo au Mfangano, au mvuvi anayetaka mshipi uwe unafanya kazi wakati boti iko safarini.

Kwa nini kiungo?

Samaki anapoogelea, wimbi huanzia nyuma ya kichwa na kukua kadiri linavyosogea mkiani. Mbao isiyo na kiungo hutikisika yote kwa pamoja. Ukiikata katikati na kuiunganisha tena kwa bawaba, kichwa hutikisika kidogo, mkia nao hufuata kwa kuchelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakomfanya sangara aone kitu chenye uhai. Isitoshe, chambo chenye kiungo huanza kucheza hata kikivutwa polepole, na vipande vyake hugongana na kutoa sauti. Maji ya ghuba nyingi za Ziwa Victoria ni ya kijani kwa mwani, kuona si rahisi, na sangara huwinda pia kwa kuhisi mtikisiko kwa mstari wa hisia ulio ubavuni.

Ubaya wake ni kwamba kiungo ndipo mahali pa kukatikia. Sangara anaweza kufika mita 2 na kilo 200. Huyo hutakutana naye kila wiki, lakini hata wa kilo 15 hutikisa kichwa kwa nguvu ya kung'oa skrubu kwenye mbao laini. Kwa hiyo shika kanuni moja kabla ya zote: chuma kishikane na chuma kutoka puani hadi mkiani. Mbao ni ya kutoa umbo na kuelea, si ya kubeba mzigo.

Na uipe rangi nafasi yake, ambayo ni ya mwisho. Wanaoanza humaliza jioni nzima wakichora magamba, kisha chambo kinavutwa majini kimelala ubavu. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland aliyechonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936, alitumia gome la mti, karatasi ya kufungia chokoleti na filamu za picha zilizoyeyushwa. Alichokitafuta ni mwendo wa samaki mdogo anayeyumba, yule ambaye samaki wakubwa humchagua ndani ya kundi. Kama una saa kumi za kazi, nane zitumie kwenye kiungo na ndoo ya maji.

Umbo la kuiga

Sangara mkubwa hula furu, dagaa, uduvi, na hata watoto wa sangara wenzake. Dagaa ni mdogo mno kwa mbao yenye kiungo, kwa hiyo mwache. Iga furu, ambaye ni mpana wa ubavu na mfupi, au sangara mdogo, ambaye ni mwembamba kidogo na mwenye mgongo uliopinda nyuma ya kichwa. Mimi ningeanza na sangara mdogo: umbo lake refu linakupa nafasi ya kufanya kazi kwenye kiungo.

Vifaa

☐ Mbao ya paini (msonobari) iliyokauka vizuri, isiyo na vifundo, nyuzi zake zikienda kwa urefu. Mabaki ya fundi seremala yanatosha. Mninga na mkaratusi ni nzito mno.
☐ Waya wa stenlesi wa milimita 1.5
☐ Spoku ya baiskeli isiyoshika kutu, ya milimita 2, kwa ajili ya pini. Spoku za bei rahisi ni chuma kilichopakwa juu tu, zitaoza ndani ya mbao bila wewe kuona.
☐ Skrubu moja ndogo yenye jicho, ya stenlesi
☐ Plastiki ngumu ya polikaboneti ya milimita 3, au bati la alumini la milimita 2. Sidii ya zamani ni nyembamba kwa kazi hii, iweke kwa vyambo vya chini ya sentimita 8.
☐ Chubwi ndogo za risasi
☐ Gundi ya epoksi ya mirija miwili
☐ Ndoana mbili za ncha tatu, namba 3/0 au 4/0, na pete za kuzishikia, zile zinazofanana na za funguo
☐ Msumeno wa meno madogo, drili, kisu kikali, tupa, msasa (wa kukwaruza na laini), plaizi yenye pua nyembamba
☐ Vanishi, tina, praima nyeupe, rangi
☐ Ndoo kubwa au pipa la maji

Hatua za ujenzi

Siri ya mafundi ni hii: toboa na kata kila kitu *wakati mbao bado ina pembe nne*. Mbao ikishachongwa mviringo hakuna tena ukingo wa kupimia, na tundu lililopinda kidogo litakupa samaki anayeogelea kwa kiwiko.

1. Kata mbao ya sentimita 18 kwa 4.5 kwa 2.5. Piga mstari wa katikati kuzunguka pande zote: mgongoni, puani, tumboni, mkiani. Mistari hiyo usiifute hadi utakapoanza kuchonga.

2. Chora umbo la samaki kwenye karatasi ngumu, likate, na ulihamishie ubavuni mwa mbao. Hicho ndicho kiolezo chako, kihifadhi.

3. Kata ufa wa mdomo chini ya pua, ukiinama kwa digrii 45 hivi kutoka mstari wa tumbo. Mdomo ukilala karibu kuwa sambamba na mwili, chambo huzama sana na kucheza kidogo. Ukisimama wima, chambo hubaki juu na kuyumba sana. Digrii 45 ni mwanzo mzuri.

4. Kata mbao vipande viwili, sentimita 10.5 kutoka puani. Kipande cha mbele lazima kiwe kirefu na kizito kuliko cha nyuma, maana ndicho kinachoongoza.

5. Sasa kiungo chenyewe. Uso wa nyuma wa kipande cha kichwa uache bapa. Uso wa mbele wa kipande cha mkia uchonge uwe kama kabari: ncha ibaki katikati, na kila upande urudi nyuma milimita 6. Bila kabari hiyo mkia hautakuwa na nafasi ya kugeuka.

6. Kwenye ncha ya kabari kata nyufa mbili za kulala, moja sentimita 1 kutoka mgongoni, nyingine sentimita 1.5 kutoka tumboni, zenye kina cha milimita 12. Ya juu iwe na upana wa milimita 4, ya chini 6.

7. Toboa tundu la pini, la milimita 2, kutoka mgongoni kwenda chini, milimita 6 nyuma ya ncha ya kabari. Lipite nyufa zote mbili na kusimama kabla ya kutokea tumboni.

8. Kutoka ndani ya ufa wa chini toboa tundu la milimita 3 kwa urefu, litokee mkiani. Kunja jicho upande mmoja wa waya, pitisha waya tunduni hadi jicho likae ndani ya ufa sawa na tundu la pini, kisha kunja jicho la pili nje ya mkia. Hapo ndipo ndoana ya nyuma itakaa.

9. Kipande cha kichwa kikate ufa wa msumeno tumboni kwa urefu wote, hadi kufikia kimo cha ule ufa wa chini wa mkia. Kunja waya mmoja wenye macho matatu: la puani, la ndoana ya tumboni, na la kiungo. Jicho la kiungo lilale bapa na kitovu chake kitokeze milimita 8 nje ya uso wa mbao. Kila jicho likunjwe mizunguko miwili na waya ujizungushie wenyewe. Jicho la kukunja mara moja hufunguka.

10. Funga ile skrubu yenye jicho juu ya jicho la kiungo, mkabala na ufa wa juu, itokeze milimita 8 vilevile. Kazi yake ni kuzuia mkia usijipinde. Mzigo uko chini, kwenye waya.

11. Unganisha bila gundi. Macho yaingie kwenye nyufa, pini ishuke toka mgongoni ipite jicho la juu, kisha macho mawili ya chini yaliyolaliana. Ukitazama utaona kwamba waya wa kichwa sasa umeshika pini ile ile iliyoshikwa na waya wa mkia. Kati ya vipande pabaki nafasi ya milimita 2.

12. Shika kichwa, kigeuze ubavu. Mkia lazima uanguke wenyewe upande wa chini, digrii 35 hadi 40, bila kusukumwa. Ukisita, tafuta panaposuguana na upapunguze kwa tupa. Usiendelee na hatua nyingine mpaka mkia uanguke.

13. Chomoa pini, chonga umbo kwa kisu, maliza kwa msasa. Hakikisha ubavu wa kushoto na wa kulia vinalingana, ukivitazama kutoka puani.

Ndoo ndiyo mwalimu

Hapa ndipo chambo hufaulu au hufeli, kwa hiyo usiharakishe.

Hesabu kwanza. Samaki wa vipimo hivi, akishachongwa, hubaki na ujazo wa takriban sentimita za ujazo 120. Akizamishwa, maji ya ziwa humsukuma juu kwa nguvu ya gramu 120. Mbao yake ya paini ina gramu 60 hivi, na ndoana, pete, waya na mdomo vinaweza kufika 35. Jumla 95. Zimebaki gramu 25 za kumfanya aelee. Ukiongeza risasi gramu 18 ataelea mgongo ukichungulia tu, na hapo ndipo ninapopapenda: akikwama kwenye jiwe, legeza mshipi, ajinasue mwenyewe kwa kupanda juu. Ukimzidishia zaidi ya 25 atazama, na kwenye miamba utamzika.

Hesabu ni ya kukadiria, maana paini moja si sawa na nyingine. Ndoo ndiyo itakayosema kweli:

- Unganisha vipande, tia mdomo, ndoana na pete zote. Kupima bila ndoana ni kazi bure.
- Funga vipande vya chubwi chini ya tumbo kwa mpira mwembamba. Anza karibu na ndoana ya tumboni.
- Mtie majini. Anatakiwa akae wima, pua na mkia zikiwa usawa mmoja, au pua chini kidogo.
- Akilala ubavu, risasi ni chache au iko juu mno. Mkia ukining'inia, punguza uzito wa nyuma kwa kutumia ndoana ndogo mkiani. Usijaribu kusawazisha kwa kurundika risasi puani.
- Ukiridhika, tia alama mahali pa risasi na uipime uzito.

Kisha punguza gramu 2. Risasi iliyofungwa nje husukumwa juu kidogo na maji, nafuu ambayo huipati ukishaifukia ndani ya mbao, na bado vanishi na epoksi vitaongeza uzito wao.

Sasa toboa mashimo tumboni pande zote za ufa wa waya, pachika chubwi zikiwa baridi kwa kuzigonga taratibu, weka waya mahali pake, na ujaze ufa wote kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao. Paka mafuta ya mgando kwenye macho ya kiungo kabla ya kumimina. Epoksi ikikimbilia kiungoni na kukauka, umepoteza siku.

> ONYO: RISASI
> Usiyeyushe risasi jikoni, wala kwa sufuria itakayorudi kupikia. Moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito, na tone moja la maji likiingia kwenye risasi iliyoyeyuka huilipua usoni. Chubwi baridi zinatosha kwa kazi hii. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, na ufagie vipande vyote.

Kuzuia maji, kisha rangi

Mbao hunywa maji zaidi kupitia mahali ilipokatwa kwa upana, na chambo chenye kiungo kina nyuso mbili kama hizo katikati kabisa. Huko ndiko kinakoanzia kuvimba na kukaza bawaba. Chovya kila kipande kwenye vanishi iliyolegezwa kwa tina, ukiache dakika kadhaa, kikauke, urudie. Ndani ya nyufa na matundu paka kwa kijiti. Usiache vanishi ikajaa kwenye tundu la pini.

Baada ya praima nyeupe, mgongo uwe wa kijani cheusi au kahawia, ubavu wa fedha au njano, tumbo jeupe. Karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ikibandikwa ubavuni na kukwaruzwa kwa tupa, hufanya magamba mazuri bila ufundi wa kuchora. Katika maji ya kijani, tofauti kali kati ya mgongo na tumbo ina faida kuliko magamba mia. Rangi ya kucha inafaa kwa macho na madoa.

Malizia kwa tabaka mbili za epoksi nyembamba. Mning'inize na umgeuze kila baada ya muda mfupi hadi isitiririke tena, la sivyo uzito wote utashukia upande mmoja. Rangi ya mafuta ambayo haijakauka hadi ndani itakunjamana chini ya epoksi, kwa hiyo subiri.

Gundisha mdomo, ukiutazama kutoka mbele kuhakikisha haujainama upande wowote. Uwe na upana wa sentimita 3 na utokeze kiasi hicho hicho. Rudisha pini, na ufunge tundu lake mgongoni kwa tone la epoksi.

Akikataa kuogelea

Mjaribu kando ya boti kabla ya kumwachia mshipi wote.

*Anakwenda upande mmoja.* Mshike pua ikikutazama. Jicho la puani likunje kidogo sana kuelekea upande ule *asikokwenda*. Jaribu tena, kunja tena.

*Anajipindua tumbo juu.* Punguza mwendo kwanza. Akiendelea, mdomo ni mkubwa mno: upunguze kwa tupa milimita 2 kila upande.

*Kichwa kinacheza, mkia umekufa.* Karibu kila mara ni rangi au epoksi iliyojaa kwenye kiungo. Kwangua.

*Ndoana zinanasana.* Kunja mkia hadi mwisho kila upande. Kama ndoana mbili zinakutana, weka ndogo zaidi. Hili lilitakiwa lionekane kwenye ndoo.

Kumtumia

Mwachie mshipi wa mita 20 hadi 40 nyuma ya boti, mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 3 hadi 5 kwa saa. Pita kandokando ya rasi za mawe na mahali kina kinaposhuka ghafla. Ncha ya fimbo inatakiwa itetemeke muda wote. Ikinyamaza, umebeba kipande cha gugu maji, mvute umsafishe.

Meno ya sangara hayakati mshipi, ila mdomo wake una ukwaruzo na vifuniko vya matamvua vina makali. Weka mita moja na nusu ya nailoni nene mbele ya chambo. Mshipi usiufunge kwa fundo la kubana kwenye jicho, tumia pete, ili kichwa kiwe huru.

Samaki akiwa ndani ya mtumbwi, ncha sita za ndoana zinazocheza ziko karibu na miguu yako. Tumia plaizi ndefu, si vidole. Wengi hubonyeza vimembe vya ndoana kwa plaizi, nami nakushauri hivyo, hasa kama unachukua wageni au watoto.

> WA PWANI
> Maji ya chumvi husukuma zaidi kidogo: kwa samaki huyu ongeza gramu 3 za risasi. Kila chuma kiwe stenlesi, bila kubahatisha. Nguru na tengesi wana meno yanayokata, kwa hiyo badala ya nailoni weka kipande cha waya. Kila urudipo, msuuze kwa maji baridi na umkaushe, hasa kiungoni.

Kabla hujasukuma mtumbwi

☐ Mkia unaanguka wenyewe pande zote mbili
☐ Mvute pua na mkia kwa mikono miwili kwa nguvu: hakuna kinachofunguka
☐ Hakuna ufa kwenye epoksi, hasa kuzunguka jicho la tumboni
☐ Pini haijachomoza mgongoni
☐ Ndoana zina makali, pete hazijatanuka
☐ Umeuliza kikundi cha usimamizi wa mwalo wako (BMU) au afisa uvuvi kuhusu leseni, maeneo yaliyofungwa na ukubwa wa sangara unaoruhusiwa. Kanuni za Tanzania, Kenya na Uganda hazifanani na hubadilishwa, usitegemee ulizozisikia mwaka juzi.

Ukichonga, chonga wawili kwa kiolezo kimoja. Kazi ya wa pili ni nusu ya kazi ya wa kwanza, na jiwe likimchukua mmoja hutalazimika kurudi nyumbani mapema.